Kuongoza warsha ya jamii: Tujipange kabla mahindi hayajaingia ghalani

Na Mwandishi Wetu

Katika kata ya Maposeni, jirani na Peramiho wilayani Songea, mwaka wa mkulima una msimu mmoja mkubwa. Mvua huanza kati ya Novemba na Desemba, hukatika Aprili au Mei, na mahindi huvunwa kuanzia Juni. Ndani ya wiki chache za mavuno, familia hulazimika kuamua mambo itakayoishi nayo mwaka mzima: magunia mangapi yauzwe na mangapi yabaki, yauzwe kwa mizani au kwa lumbesa, yahifadhiwe vipi, na zaka itolewe kiasi gani. Anayekosea hapo hulipia mwezi Januari, wakati ghala ni tupu na mahindi mapya yangali kimo cha goti.

Elimu ya kuamua vyema ipo. Afisa ugani anajua namna ya kukausha na kuhifadhi. Ustadhi wa madrasa anajua hukumu za zaka ya mazao. Bibi aliyelea watoto na wajukuu kwa ghala moja anajua chakula cha nyumba kinavyohesabiwa hadi kifike msimu mwingine. Kinachokosekana mara nyingi ni kikao cha kuwakutanisha watu hawa, wakafundishana kwa vitendo na kutoka na jambo la kutenda. Kikao hicho ndicho tunachokiita warsha, na kukiongoza ni ujuzi unaohitaji kujifunzwa kama ujuzi mwingine wowote.

Maana iliyomo katika neno

Kwa Waislamu wa Tanzania neno hili si geni. Wasomaji wetu wa makamo wanaikumbuka Warsha ya Waandishi wa Kiislamu, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1975, ambayo vitabu vyake vilisomwa na vijana wengi nchini. Katika Kiarabu, lilikotoka neno hili, warsha ni karakana: mahali pa fundi, penye zana na kazi inayofanyika. Mtu haingii karakana ya seremala akatoka na maneno matupu; hutoka na kiti au meza, au walau na mkono uliokwisha kushika randa.

Hicho ndicho kipimo tunachopendekeza. Mkusanyiko ambao mtu mmoja husema tangu asubuhi hadi Adhuhuri, wengine wakasikiliza, wakala na kuondoka, ni muhadhara. Muhadhara una nafasi yake na thawabu zake. Lakini tukiuita warsha, tutakuwa tumewanyima watu kile tulichowaahidi, yaani kutenda wao wenyewe.

Litowa iliwahi kutufundisha

Wilaya ya Songea ina historia yake katika jambo hili. Mwaka 1960 vijana wa Umoja wa Vijana wa TANU, wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga, walianzisha makazi ya pamoja Litowa. Jaribio la kwanza lilishindikana kwa kukosa chakula. Walirudi wakiwa wamejipanga vizuri zaidi, kijiji kikasimama, na vijiji vingine vikafuata hata vikaunda Chama cha Maendeleo ya Ruvuma, kilichojulikana kwa kifupi kama RDA. Litowa ilikuwa pia na shule yake chini ya Suleiman Toroka, ambako watoto walijifunza darasani na shambani kwa pamoja.

Walikuwa na mshauri, Mwingereza Ralph Ibbott, lakini mambo ya kijiji yaliamuliwa na wanakijiji wenyewe katika mikutano yao. Tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama hicho. Sababu za kisiasa za uamuzi huo zina mjadala wake mrefu; sisi tunachukua mafunzo mawili ya kuongozea warsha. La kwanza, kushindwa mara ya kwanza kulitokana na upungufu wa maandalizi, wala si upungufu wa nia. La pili, mshauri mwenye elimu anaweza kukaa miongoni mwa watu bila kuwapokonya maamuzi.

Anza na swali la watu wenyewe

Kosa linaloanza mapema zaidi ni kuchagua mada mezani, mbali na wanaohusika. Kamati ya msikiti huamua kwamba watu wanahitaji mafunzo ya ujasiriamali kwa sababu neno hilo linavuma, kisha hushangaa viti vikiwa vitupu. Mwandalizi makini hutanguliza wiki mbili au tatu za kusikiliza. Huzungumza na wanaume baada ya sala ya Ijumaa, huwatuma kina mama wawili wawatembelee wenzao, hukaa na vijana wanaoendesha bodaboda, na huwauliza wote swali moja: Ni jambo gani la mavuno yaliyopita lililowauma, ambalo msingependa lirudi?

Majibu yatakayojirudia ndiyo mada. Tuchukulie kwamba Maposeni wamelalamikia mambo matatu: mahindi yaliyooza na kuliwa na wadudu ghalani, walanguzi waliopima kwa lumbesa, na mkanganyiko kuhusu zaka. Yote matatu yanafungamana katika safari moja ya gunia kutoka shambani, na yanaweza kubebwa na warsha ya siku moja. Tukiongeza la nne na la tano, siku itajaa na hakuna litakaloshikika.

Kisha lengo liandikwe kwa maneno yanayoweza kupimwa. "Kuwaelimisha wakulima kuhusu hifadhi" ni lengo lisilokamatika. "Kila familia iliyoshiriki iweze kupima ukavu wa mahindi yake kabla ya kuyafunga, na kukokotoa zaka yake bila kusaidiwa" ni lengo ambalo mwezi Agosti tunaweza kwenda kuliangalia nyumba kwa nyumba.

Wakati, mahali na waalikwa

Aprili ina tope, na mahindi bado yanahitaji jicho la mwenye shamba. Juni mikono yote iko kwenye mavuno. Kwa Maposeni, basi, Mei ndiyo mwezi wa kukusudia. Siku ichaguliwe kwa kuepuka Ijumaa, Jumapili ambayo majirani zetu Wakristo wako kanisani, na siku ya gulio. Tumewataja majirani hao kwa makusudi. Mdudu wa ghala na lumbesa havibagui dini, na Waislamu wa eneo hili wanaishi bega kwa bega na Wakatoliki waliozoea kukusanyika Peramiho kwa zaidi ya karne. Sehemu za hifadhi na vipimo ziwe wazi kwa kila mkulima. Sehemu ya zaka itajulikana kuwa ni ya Waislamu, na jirani atakayependa kusikiliza ataketi.

Mtendaji wa kata na mwenyekiti wa kijiji wapewe taarifa mapema kwa maandishi. Kufanya hivyo ni adabu, na pia ni kinga: mkutano usiojulikana na serikali ya kijiji huweza kuzua maswali siku yenyewe. Afisa ugani aalikwe kwa kumwambia dakika alizopewa na kazi anayotakiwa kufanya, asije akaandaa hotuba ya saa mbili.

Idadi ya washiriki 25 hadi 30 inatosha. Wakizidi hapo, wengi hugeuka watazamaji. Ni bora kurudia warsha mara mbili kuliko kuwasongamanisha watu 80 katika chumba kimoja.

Nafasi ya kina mama ipangwe kabla ya jambo lingine. Katika nyumba nyingi wao ndio wanaopukuchua, wanaoanika na wanaohesabu chakula, na warsha ya ghala isiyowasikia haina maana. Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba wanawake walimwambia Mtume (SAW) kuwa wanaume wamewazidi katika kuwa karibu naye, wakamwomba awatengee siku yao, naye akawatengea. Kwa hiyo ukumbi uwe na upande wao wanakoona na kusikia sawasawa, kuwe na mtu wa kuwaangalia watoto wadogo, na mmoja wa wawezeshaji awe mwanamke. Kuwaketisha nyuma ya pazia wasikoliona jaribio linalofanyika, kisha tukasema tumewashirikisha, ni kujidanganya.

Ratiba ya siku moja

Abdallah bin Mas'ud (RA) alikuwa akiwafundisha watu kila Alhamisi. Alipoombwa awafundishe kila siku, alikataa kwa kuchelea kuwachosha, akaeleza kuwa Mtume (SAW) naye alikuwa akichunga hivyo kwa masahaba wake. Ratiba njema huheshimu uwezo wa watu kusikiliza.

Saa 2:30 asubuhi: kuandikisha, dua na kukubaliana utaratibu. Saa 3:00: washiriki, katika vikundi vya watu watano watano, wanaeleza hasara walizopata msimu uliopita. Mwezeshaji anaandika kwenye bango kitita na kuchora picha kwa ajili ya wasiosoma.

Saa 3:45: ukavu wa mahindi. Kila kikundi kipewe chupa ya kioo iliyo kavu na yenye kifuniko, chumvi kavu vijiko vichache, na mahindi ya aina mbili: yaliyokauka vyema na yenye unyevu. Mahindi yajaze robo ya chupa, chumvi iongezwe, chupa itikiswe kwa dakika moja na kuachwa itulie robo saa. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu na hayafai kufungwa. Isiponata, yamekauka. Jaribio hili halina gharama, na mshiriki aliyelifanya kwa mkono wake hatalisahau. Hapo ndipo afisa ugani anapopewa nafasi ya kueleza sababu: mahindi yenye unyevu huota ukungu unaoweza kuzalisha sumukuvu, sumu ambayo upishi wa kawaida hauimalizi. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sababu hiyo. Ataonesha pia mifuko isiyopitisha hewa, ambayo huwaua wadudu kwa kuwanyima pumzi, na kusisitiza kwamba haimsaidii aliyefunga mahindi mabichi.

Saa 5:00: vipimo. Uletwe mzani na gunia lililoshonewa kilemba cha lumbesa. Washiriki walipime wenyewe na kufanya hesabu. Likiwa na kilo 120 nalo likalipwa kama la kilo 100, basi katika kila magunia matano mkulima ametoa gunia zima la kilo 100 bure. Suratul Mutaffifin imeanza kwa onyo kali kwa wanaopunja katika vipimo; ustadhi alikumbushe hilo kwa dakika tano, kisha vikundi vijadili namna ya kuuza kwa pamoja kwa mizani.

Saa 6:30: mapumziko, sala ya Adhuhuri na chakula.

Saa 8:00: zaka. Qur'an katika Suratul An'am, aya ya 141, imeamrisha kutolewa haki ya mazao siku ya kuvunwa kwake. Kwa rai ya wanavyuoni wengi, kiwango ni wasaki tano, ambazo wengi wa zama hizi hukadiria kuwa karibu kilo 653. Shamba la mvua hutoa sehemu moja ya kumi. La kumwagilia kwa gharama hutoa nusu ya hiyo. Aliyevuna kilo 2,000 kwa mvua atatoa kilo 200, yaani magunia mawili ya kilo 100. Wa kumwagilia atatoa gunia moja. Kila mshiriki akokotoe mavuno yake ya mwaka uliopita, kimya kimya, kwenye karatasi yake. Hakuna atakayeulizwa alitoa au hakutoa. Kisha watu wajadili namna ya kuwafikia wanaostahiki kijijini.

Saa 9:00: maazimio. Saa 9:45: dua ya kufunga, na kujiandaa kwa sala ya Alasiri.

Ujuzi wa mwezeshaji

Mwezeshaji si lazima awe mjuzi kuliko wote waliomo ukumbini. Katika Sahihi Muslim imepokewa kisa cha upandishaji wa mitende, ambapo Mtume (SAW) aliwaachia wakulima wa Madina ujuzi wao katika jambo la dunia yao. Kama yeye, rehema na amani zimshukie, aliuheshimu ujuzi wa mkulima, ni nani leo amfundishe mzee wa Maposeni kana kwamba hajawahi kushika jembe? Ujuzi wa kwanza, kwa hiyo, ni kuuliza na kunyamaza. Swali likishatupwa, mwezeshaji ahesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kulijibu yeye. Kimya hicho humtisha mwenye haraka, lakini ndimo anamopata ujasiri yule ambaye hajawahi kusema mbele za watu.

Ujuzi wa pili ni kuwapa nafasi wanyonge wa mazungumzo. Mtume (SAW) aliwauliza masahaba ni mti gani unaofanana na Muislamu. Abdallah bin Umar (RA), akiwa kijana mdogo katika kikao kile, alijua kuwa ni mtende, lakini aliona haya kusema mbele ya wakubwa. Baadaye baba yake alimwambia kwamba angefurahi sana kama angesema. Katika kila ukumbi wetu kuna Ibn Umar aliyekaa kimya. Mbinu ya vikundi vidogo imewekwa kwa ajili yake: vijana wakae peke yao kwanza, kina mama peke yao, kisha kila kikundi kilete jibu lake. Na kwa kuwa wapo wazee wanaojieleza vyema zaidi kwa Kingoni, waruhusiwe, na mtu awe tayari kutafsiri.

Ujuzi wa tatu ni kumdhibiti msemaji mrefu bila kumvunjia heshima. Mara nyingi huyo ni mtu mwenye hadhi. Asikatizwe kwa ukali, mwezeshaji asubiri anapovuta pumzi, aseme, "Mzee wetu ametupa jambo zito, hebu tusikie na upande wa kina mama wanalionaje." Heshima yake imehifadhiwa, na neno limepita.

Ujuzi wa nne ni kujua mpaka wa elimu yako. Litaulizwa swali: je, gharama za mbolea na madeni hutolewa kabla ya kukokotoa zaka? Wanavyuoni wamehitilafiana katika hilo. Mwezeshaji asiyekuwa mwanachuoni asitoe fatwa ili aonekane anajua. Aliandike swali, alikabidhi kwa sheikh, na jibu litangazwe Ijumaa inayofuata. Kadhalika swali la dawa za ghalani liachiwe mtaalamu wa kilimo, kwani jibu la kubahatisha hapo linaweza kuwa sumu kwenye sahani ya mtoto.

Fedha na suala la posho

Warsha hii haihitaji mfadhili. Inahitaji chakula cha mchana, maji, karatasi, kalamu za wino mzito, chupa, chumvi, mzani wa kuazima na nauli ya mgeni. Orodha hiyo iandikwe, kila kitu kiwekewe bei ya dukani ya wiki hiyo, na jina la anayekileta. Mwenye mahindi na maharage alete makande. Mwenye sufuria kubwa aiazime. Mwishoni hesabu isomwe hadharani, hata kama iliyobaki ni shilingi elfu mbili.

Jambo zito ni posho. Mazoea ya kupewa bahasha kila tunapoitwa mafunzoni yameingia hadi vijijini, na mwandalizi anayelificha suala hili hugombana na watu jioni. Lisemwe tangu mwaliko: kuna chakula, hakuna posho, na faida ni ile itakayobaki ghalani. Baadhi hawatakuja. Watakaokuja ndio waliokusudiwa.

Kazi inayoanza watu wakishaondoka

Suratu Yusuf inatusimulia mpango wa hifadhi uliopangwa kwa miaka: saba ya kulima na kuacha nafaka katika masuke yake, kisha saba ya ukame. Nabii Yusuf (AS) hakuishia kufasiri ndoto. Alieleza la kufanya, na akalisimamia mwenyewe. Warsha nyingi huishia kwenye tafsiri ya ndoto.

Maazimio yasizidi matatu, na kila moja liwe na jina la mtu na tarehe. Fulani atatunza chupa za majaribio na kuzunguka nyumba zitakazomhitaji mwezi Juni. Fulani na fulani watafuatilia mzani wa pamoja kabla mnunuzi wa kwanza hajafika. Kamati ya watu watatu, akiwemo mama mmoja, itaorodhesha wanaostahiki zaka kwa siri na uaminifu. Katikati ya Agosti waandalizi wapite nyumba kwa nyumba na kuuliza maswali machache: Ulipima? Uliuza kwa mizani? Ulikokotoa? Majibu ya "hapana" yapokewe kwa shukrani kama ya "ndiyo", kwa kuwa ndiyo yatakayoonesha mahali warsha ilipopwaya, na ndiyo mada ya Mei ijayo.

Allah (SW) katika aya ya 38 ya Suratu Shuura amewasifu waja ambao mambo yao huendeshwa kwa kushauriana, akaitaja sifa hiyo baina ya kusimamisha sala na kutoa katika alivyowaruzuku. Ushauri wa namna hiyo haujitokezi wenyewe; huandaliwa, huongozwa na kufuatiliwa. Misikiti yetu ya vijijini ina mikeka, ina vijana, ina kina mama wenye hekima na wazee wenye kumbukumbu. Kamati itakayokaa leo kuandika lengo moja, tarehe moja na majina ya watu 30, imeshaanza kazi. Tunamuomba Allah azitie baraka ghala za watu wa Maposeni na za waumini wote, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaotoa haki ya mazao siku ya kuvunwa kwake. Amin.